Faini za Gari la Marehemu: Ni Deni la Nani?

Safu ya Maswali ya Wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka Dodoma, Manyoni na Kongwa, na yote yana fundo moja: mwenye gari au dereva amefariki, faini za trafiki zimebaki kwenye mfumo na zinapanda. La kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna mambo yanayowahusu wengi.

SWALI: Assalaam alaykum. Mume wangu alifariki mwishoni mwa mwezi wa pili baada ya kuugua wiki tano. Ameacha gari aina ya Noah, kadi ina jina lake. Juzi mwanangu aliingiza namba ya gari mtandaoni akakuta faini tatu, kila moja 30,000 na nyongeza 7,500, jumla 112,500. Moja ni ya tarehe 9 Januari, Kibaigwa, mwendo kasi. Mbili ni za mwezi wa tatu, zote Manyoni, siku moja. Mwezi huo gari lilikuwa kwa shemeji yangu, alilichukua siku tulipoanua matanga akasema atalitunza. Shemeji anasema deni ni la marehemu, kwa hiyo nilipe mimi niliyebaki na nyumba. Mimi bado niko eda. Naogopa gari litakamatwa, tena nimeambiwa naweza kushtakiwa. Nianzie wapi?
Mjane, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Wa alaykumu salaam. Pole sana mama kwa msiba.

Kwanza tuondoe hofu ya kushtakiwa. Faini ya barabarani ni adhabu ya kosa, na kosa kwa kawaida ni la aliyeshika usukani. Mke harithi kosa la mumewe, wala marehemu hafunguliwi mashtaka. Kilichobaki ni deni lililoandikwa kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi likafungwa kwenye namba ya gari. Kwa hiyo linalobanwa ni gari. Trafiki akilisimamisha, akaingiza namba na deni likatokea, safari inaweza kuishia hapo mpaka lilipwe. Likikaa nyumbani halisimamishwi na mtu, ila nyongeza haingoji. Hiyo 7,500 uliyoiona ni robo ya faini ya 30,000, na huongezwa pale siku saba za kulipa zinapopita. Mfumo unahesabu siku tu. Haujui msiba, wala eda, wala kwamba mirathi haijafunguliwa.

Sasa zitenganisheni hizo faini tatu. Kosa tunaloliona kwenye barua nyingi ni kuchukua jumla, 112,500, na kuanza kugombana juu ya jumla. Mwanao arudi kwenye tovuti ya kuangalia faini, tms.tpf.go.tz, atafute kwa namba ya gari, kisha atafute tena kwa namba ya leseni ya marehemu. Namba ya gari iandikwe kama ilivyo kwenye kadi. Achape kurasa zote mbili, au azipige picha, halafu mlinganishe mambo haya: namba ya kumbukumbu ya kila faini, tarehe na saa, mahali, aina ya kosa, na leseni iliyoandikwa.

Faini ileile inaweza kutokea kwenye utafutaji wa gari na kwenye utafutaji wa leseni. Hizo si faini mbili. Kama namba ya kumbukumbu ni moja, deni ni moja. Lakini kama faini za Manyoni zinatokea kwa namba ya gari na hazitokei kwa leseni ya marehemu, mmepata ushahidi mzuri kwamba leseni iliyoandikwa siku ile ni ya mtu mwingine. Na hata leseni isingeandikwa, tarehe inajieleza yenyewe, kwa kuwa aliyefariki mwezi wa pili haendeshi gari mwezi wa tatu.

Angalieni pia hizo mbili za Manyoni zinafanana kiasi gani. Dereva akisimamishwa mara moja anaweza kuandikiwa makosa mawili tofauti, kwa mfano mkanda na bima iliyoisha, na hapo hakuna ubishi. Kosa likiwa lilelile, saa ileile na mahali palepale, lakini namba za kumbukumbu ni mbili, huenda tukio moja limeingizwa mara mbili. Hiyo ni hoja ya kuandikia barua, na tutaifikia.

Tuanze na ile ya Kibaigwa. Hiyo ni ya mumeo mwenyewe. Ukitaka ubishi wa kisheria upo: ile karatasi ya trafiki si hukumu ya mahakama, ni nafasi anayopewa dereva amalize kosa kwa kulipa bila kwenda kwa hakimu, na dereva mwenyewe hayupo tena. Lakini ushauri wetu ni kwamba ilipwe, 37,500, na ilipwe wiki hii. Gari mtalihitaji barabarani au mtataka kuliuza, na deni hilo litakuwa linawangoja kila mnapokutana na trafiki. Kumtuma mtu ofisini mara mbili tatu kwa ajili ya kupunguziwa 7,500 kutakula nauli na siku za kazi zenye thamani kuliko hiyo 7,500.

Kulipa hakukuhitaji utoke ndani. Deni lina kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali ya tarakimu 12. Kwa M-Pesa unapiga *150*00#, unakwenda kwenye malipo ya serikali, unaingiza kontroo namba na kiasi kamili. Mitandao mingine nayo ina menyu ya malipo ya serikali, na wakala wa benki wa mtaani anaweza kukulipia pia. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma tena tarakimu zote na kiasi. Faini hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Akitokea mtu anayesema yuko kituoni na atakusaidia kufuta deni ukimrushia 20,000, huyo ni tapeli.

Tumia simu yako au ya mwanao. Usilipe kwa simu ya marehemu hata kama unaijua namba yake ya siri. Salio lililomo ni mali ya mirathi, na kulitoa kabla ya mahakama kuteua msimamizi wa mirathi kunazaa maneno ambayo hutayapenda mbele ya hakimu. Ila laini yake msiitupe. Ujumbe wa madeni, wa bima na wa benki unaingia humo, na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa ikauzwa kwa mtu mwingine. Iwekwe kwenye simu ya kawaida, itiwe vocha kidogo kila mwezi, na ujumbe usomwe.

Ukishalipa, hifadhi ujumbe wa malipo na uuchape karatasi. Katika daftari andika tarehe, kiasi, namba ya kumbukumbu, na maneno haya: "Imelipwa na mke kwa niaba ya mirathi." Daftari hilo litakusaidia baadaye. Katika mirathi ya Kiislamu na hata ya kimila, gharama za mazishi na madeni ya marehemu hutoka kwanza, ndipo warithi wagawane. Msimamizi atakurudishia 37,500 yako kabla ya mgawo, mradi una risiti. Na kulipa deni ili kuilinda mali si kuingilia mirathi. Kuingilia mirathi ni kuuza gari, kulikodisha ukala fedha, au kulihamisha jina kabla ya mahakama kumteua msimamizi.

Za Manyoni, 75,000, usizilipe kimyakimya. Ukilipa bila kuandika chochote, mwisho wa hesabu zitaonekana kuwa deni la marehemu na watakaobeba ni wanao. Maneno ya shemeji kwamba deni ni la marehemu hayasimami, tarehe zinamkataa. Tafuta mkubwa anayemheshimu katika ukoo, awekewe zile karatasi mbili mezani, aulizwe siku hiyo gari lilikuwa kwa nani. Mara nyingi mtu akiona tarehe, saa na mahali ubishi hupoa. Akikubali, alipe mwenyewe kwa simu yake ili risiti iwe kwake. Akikataa na gari linahitajika, lipeni, lakini iandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba fedha hizo ni deni analodaiwa yeye. Msiandike kwamba "atakatwa kwenye fungu lake". Kama marehemu ameacha mtoto wa kiume, ndugu yake hana fungu katika mirathi ya Kiislamu, na maneno hayo yatampa dai asilokuwa nalo.

Kuna jambo linalotutia wasiwasi kuliko hizo 75,000, nalo ni bima. Gari la marehemu liko barabarani mikononi mwa mtu ambaye hakuna mahakama iliyomkabidhi. Bima ikiwa imeisha halafu akamgonga mtu, mtakayoijadili haitakuwa faini ya 30,000 tena. Sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169, inalazimisha gari kuwa angalau na bima ndogo kwa ajili ya watu wengine barabarani. Angalieni leo stika inaisha lini. Kama imeisha, gari lirudi nyumbani hata kwa kuvutwa, funguo zikae kwa mtu mmoja aliyetajwa kwenye kikao, na mwenyekiti wa mtaa ajulishwe kwa maandishi gari limelazwa wapi na tangu lini. Mkilifanya hilo, faini yoyote itakayozuka baada ya tarehe hiyo mtaweza kuipinga kwa karatasi.

Kama faini za Manyoni zinaonekana kuandikwa mara mbili, au shemeji anaapa gari halikutoka Dodoma siku hiyo, andikeni barua. Manyoni iko Mkoa wa Singida, kwa hiyo barua ya faini hizo inakwenda kwa Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani wa Singida. Ya Kibaigwa ingekwenda kwa wa Dodoma. Watu wengi hupoteza siku nzima kwa kupeleka barua mkoa ambao faini haikutoka. Barua iwe fupi:

"Mimi ni mjane wa marehemu (majina kama yalivyo kwenye kadi ya gari), mmiliki wa gari namba (…). Alifariki tarehe (…), nakala ya cheti cha kifo imeambatishwa. Gari hili linaonyesha faini namba (…) na namba (…), zote za tarehe (…), saa (…), mahali (…). Ninaomba taarifa za tukio hilo zipitiwe kwa sababu: (faini zote mbili ni za kosa moja, saa moja na mahali pamoja / gari siku hiyo lilikuwa limeegeshwa mahali fulani, barua ya mwenyekiti wa mtaa imeambatishwa). Ninaomba iliyoingizwa kimakosa iondolewe kwenye mfumo. Faini namba (…) ya tarehe 9 Januari imelipwa, risiti imeambatishwa."

Sentensi hiyo ya mwisho msiiache. Anayesoma barua akiona mmelipa mnachodaiwa kwa haki, anaelewa kwamba hamkimbii deni. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani. Sababu ya msiba peke yake haitoshi kuombea faini ifutwe. Kinachosaidia ni kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu, kama tarakimu ya namba ya gari iliyokosewa, tukio lililorudiwa, au gari ambalo halikuwepo.

Cheti cha kifo tulichokitaja ni kile kinachotokana na usajili wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kibali cha mazishi cha hospitali hakitoshi. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na mkichelewa inawezekana bado, ila maelezo yanakuwa mengi zaidi. Mkikipata, lazeni kadi ya gari, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kifo mezani pamoja, msome majina herufi kwa herufi. Kadi ikiwa na majina mawili na cheti kina matatu, au herufi moja imepishana, wakili awaandikie hati ya kiapo ya majina sasa hivi. Msingoje kuja kurudishwa dirishani.

Kuhusu mirathi yenyewe: kama mlikuwa mkiishi Dodoma, shauri linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu. Mnaanza na muhtasari wa kikao cha familia unaompendekeza msimamizi, na msimamizi anaweza kuwa wewe mwenyewe, hakuna sheria inayosema lazima awe mwanaume wa ukoo. Ombi hujazwa Fomu Na. 1, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na akiteuliwa msimamizi hupewa Fomu Na. 4. Fomu Na. 4 ndiyo inayofungua milango yote, ya benki na ya TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa kubadili jina la kadi. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa anawasilisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni. Humo gari liandikwe, na faini zilizobaki ziandikwe upande wa madeni. Fomu Na. 6 ni ya hesabu, na zile risiti za daftarini zitaingia humo. Kikao kinaweza kukaliwa nyumbani kwako, ukashiriki bila kuivunja eda. Mkiona ni salama kusubiri siku za eda ziishe ndipo mfungue shauri, sawa, ila faini ya Kibaigwa isisubiri.

SWALI: Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja hapa Manyoni kwa miaka sita. Tumefuata mshahara wake wa mwezi wa mwisho na malimbikizo ya likizo, bosi anasema kuna faini za 260,000 ambazo marehemu aliziacha, nyingine zimepandishwa kwa kuchelewa, kwa hiyo atazikata zote. Je, ni haki?
Mama wa watoto watatu, Manyoni

JIBU: Pole sana mama. Kwa maneno tupu bosi hawezi kukata hata shilingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 28, inaruhusu makato kwenye malipo ya mfanyakazi pale sheria inapoyataka au mfanyakazi mwenyewe alipokubali kwa maandishi. Hata pale mwajiri anapodai fidia ya hasara aliyoisababisha mfanyakazi, sheria inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Aliyefariki hapewi tena nafasi ya kujitetea. Ndiyo maana ulizia karatasi: mumeo aliwahi kusaini kukubali makato? Lini, na kwa faini ipi?

Halafu omba orodha ya hizo faini, namba ya kumbukumbu moja moja, uichambue. Kwenye lori makosa huwa ya aina mbili. Kuna ya dereva, kama kuzidi kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha gari la zaidi ya tani 3.5 nje ya makazi, au kuzidi 50 kwenye makazi, au kuovateki pasiporuhusiwa. Na kuna ya mwenye gari: matairi yaliyokwisha, taa mbovu, bima iliyoisha, kibali cha usafirishaji cha LATRA, kuzidisha uzito. Dereva hanunui matairi wala hakati bima. Faini za aina ya pili hazipaswi kubebeshwa marehemu hata kama leseni yake ndiyo iliyoandikwa kwa kuwa yeye ndiye aliyekutwa kwenye usukani.

Angalia na nyongeza. Kwenye orodha itaonekana faini yenyewe kando na kilichoongezwa kwa kuchelewa. Kama risiti za trafiki zilikuwa zinapelekwa ofisini na ofisi ndiyo iliyokuwa ikilipa, basi kuchelewa ni kwa ofisi. Na faini yenye tarehe ya baada ya kifo, au ya siku alizokuwa likizo au amelazwa, itoke mara moja. Waombe wenzake kumbukumbu za safari au vitabu vya mizigo vya siku hizo. Malori huwa na madereva wa kupokezana, na si ajabu nusu ya orodha ikawa ya mtu mwingine.

Bosi akishikilia msimamo wake, mwandikie barua ukitaja kiasi unachodai, ukae na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Asipojibu, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA. Angalia muda: kwa madai yasiyo ya kuachishwa kazi ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, lakini usijiweke huko. Atakayedai kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi, kwa hiyo Fomu Na. 4 inahitajika mapema. Kama huna uwezo wa wakili, waulize maofisa wa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao ni bure.

Mafao ya NSSF ni jambo jingine kabisa. Hayapiti mikononi mwa bosi na faini hazikatwi humo. Tena kama mumeo alifia safarini kazini, uliza fidia ya wategemezi kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Familia nyingi za madereva zinagombana na tajiri kuhusu laki mbili huku hazijui kwamba dai hilo lipo.

SWALI: Baba yetu aliuza pikapu miaka mitatu iliyopita kwa mtu wa Mpwapwa. Waliandikishana, fedha zikalipwa, ila kadi haikubadilishwa jina. Baba alifariki mwaka jana. Sasa gari lina faini nane na mnunuzi anataka tumsainie uhamisho wa tarehe ya nyuma, tuige saini ya baba, ili yaishe. Tufanyeje?
Watoto wa marehemu, Kongwa

JIBU: Poleni kwa kumpoteza mzazi. Msisaini. Kuiga saini ya marehemu ni kughushi, na tarehe ya nyuma haitaficha kitu kwa sababu cheti cha kifo kitakuwa kwenye faili lilelile la TRA. Anayeweza kusaini sasa ni msimamizi wa mirathi peke yake, kwa jina lake mwenyewe na kwa cheo hicho.

Tafuteni mkataba wa mauziano, nakala yenye tarehe na mashahidi. Hiyo karatasi ndiyo ngao yenu. Faini zote zenye tarehe ya baada ya mkataba ni za aliyekuwa na gari. Zimefungwa kwenye namba ya gari, na yeye ndiye anayeliendesha, kwa hiyo yeye ndiye atakayebanwa barabarani. Msizilipe, wala msikubali bei ya zamani ipunguzwe kwa ajili ya faini hizo. Yenye tarehe ya kabla ya mauzo, kama ipo, ni ya baba na itoke kwenye mirathi.

Kwenye Fomu Na. 5 pikapu msiliache kwa kuwa "liliuzwa". Liandikwe kwamba liliuzwa tarehe fulani kwa mtu fulani, fedha zote zilipokewa, uhamisho haujakamilika. Mkiliacha, mrithi mmoja anaweza kuibuka baadaye kudai gari ambalo kadi bado ina jina la baba. Msimamizi akishapata Fomu Na. 4, amwandikie mnunuzi, ampe muda, siku 30 kwa mfano, aje na mkataba wakamilishe uhamisho pamoja TRA baada ya kusafisha faini zake. Ada na ushuru wa stempu mjadiliane nani alipe, mkataba ukiwa kimya. Sisi tunaona alipe aliyechelewesha, na kwa desturi ya mauzo ya magari huku kwetu kubadili kadi ni kazi ya mnunuzi. Nakala ya barua hiyo ipelekwe TRA na kwa mkuu wa trafiki wa wilaya, ili likitokea la kutokea na gari hilo kuwe na kumbukumbu kwamba familia ilishasema.

Mkataba ukiwa umepotea, mashahidi walioshuhudia waandike viapo wangali hai na wanakumbuka. Muamala wa benki au wa simu wa siku ya malipo nao unasaidia sana.

SWALI: Imekuja samansi ya mahakama kwa jina la marehemu kaka yangu, kosa la kuendesha bila leseni hai. Tuipuuze?
Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Msiipuuze, na pole kwa kumpoteza kaka. Mtu mmoja wa familia aende kwenye mahakama hiyo kabla ya tarehe iliyoandikwa, amwone karani na nakala ya cheti cha kifo pamoja na samansi yenyewe. Upande wa mashtaka ukithibitisha, shauri dhidi ya marehemu linafungwa. Msipokwenda, mahakama itaona tu mtu ameitwa hakufika, inaweza kutoa hati ya kumkamata, na polisi watakuja kugonga mlangoni kwa mama yenu. Ombeni nakala ya kumbukumbu inayoonyesha shauri limefungwa, muiweke pamoja na karatasi za mirathi.

SWALI: Nimelipa faini ya gari la marehemu mke wangu tangu juzi, bado inasoma kuwa ni deni. Fedha zimekwenda wapi?
Ipagala, Dodoma

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu. Fungua ujumbe wa malipo ulinganishe kontroo namba tarakimu kwa tarakimu na ile ya deni. Mara nyingi tatizo liko hapo: gari lina faini mbili, umelipa moja na unaiangalia nyingine. Jambo la pili ni nyongeza. Kontroo namba uliyoitoa siku ya sita inaweza kuwa ya 30,000, na siku ya nane deni likawa 37,500. Angalia kama kilichobaki kinachosoma ni 7,500. La tatu, muamala unaweza kuwa ulikwama, na hapo fedha hurudi kwenye simu, kwa hiyo soma salio na taarifa za miamala. Kama kontroo namba ni yenyewe, kiasi ni kamili na fedha zilikatwa, piga huduma kwa wateja ya mtandao au benki uliyolipia uwape namba ya muamala, kisha upeleke risiti dawati la trafiki kituo cha kati. Wakati unangoja, tembea na risiti iliyochapwa ndani ya gari, na usilipe mara ya pili.